Mwamuzi Asiyekatiwa Rufaa

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Siku kubwa. Mama Mkunga anaachia kiti.

Niandike vizuri, maana ipo siku watu watataka kujua ilianzaje. Mama Mkunga ndiye Mwamuzi Mkuu wa mashindano yetu ya karata za viumbe vinavyopigana, yale ya kila Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba. Amezalisha wanawake miaka thelathini na mitano, akastaafu, akaanza kuamua ugomvi wa karata. Anasema kazi ni ile ile: watu wanakuita wakiwa na hofu, unafika, unawaambia kinachoendelea. Sasa anahamia kwa binti yake, mbali. Juzi baada ya raundi ya mwisho alituita waamuzi wake wawili, mimi na shemeji, akasema kiti kitakwenda kwa mmoja wetu. Atatuangalia Jumamosi mbili, basi.

Kiti chenyewe kiko juu ya jukwaa dogo, kando ya dirisha refu. Kina mito miwili. Ukikikalia unaziona meza zote ishirini. Nakitamani mwaka wa tatu huu. Nikifumba macho najiona nimekikalia, mikono magotini, ukumbi mzima umenyamaza unasubiri neno langu.

Kwa asiyejua mambo yetu: mchezaji akikwama anainua mkono na kumwita mwamuzi. Mwamuzi anafika, anasikiliza pande zote mbili, anatoa uamuzi. Asiyeridhika anakata rufaa kwa Mwamuzi Mkuu, na hapo maneno yameisha. Shemeji aliuliza ni nini hasa kitakachoangaliwa. Shemeji huuliza kila kitu. Mama Mkunga akajibu kwamba ataangalia nani anakatiwa rufaa sana, pamoja na mambo mengine manne.

Hayo manne sikuyasikia. Jua lilikuwa linaingia dirishani na vumbi lilikuwa linapanda taratibu, nikawa nalitazama.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anapima watu macho na kuwauzia miwani. Anasoma kila kitu mpaka nukta ya mwisho, hata maelezo ya nyuma ya dawa ya mswaki. Watu wanasema ana umakini. Mimi nasema hana ndoto.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Mazoezi kazini.

Ofisi yangu ni ya vitu vilivyosahauliwa, pale kituo cha treni. Miavuli mia na minne. Viatu vya mguu mmoja mmoja. Tarumbeta. Meno ya bandia ndani ya kikombe, mwaka wa pili huu, na mwenyewe sijui anakulaje. Mahali pazuri kwa mtu mwenye mawazo. Treni zikipita rafu zote zinatetemeka kidogo, na tarumbeta linatoa sauti ndogo, kama linajikohoza.

Leo wamekuja watu wawili kwa mwavuli mmoja wa bluu. Mama mwenye kofia na mzee mwenye koti refu. Bahati iliyoje. Niliwakalisha wote wawili, nikawasikiliza saa nzima, mmoja mmoja, bila kumkatiza mtu. Kisha nikatoa uamuzi kwamba mwavuli ni wa mama, lakini uchungu ni wa mzee. Nikauliza kama kuna anayekata rufaa. Hakuna. Mzee alijichukulia mwavuli mwingine, mweusi, akatoka bila kuaga.

Kwa hiyo kipaji ninacho. Kinachotakiwa sasa ni mpango.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mpango umepatikana. Nimeupata wakati naoga.

Iko hivi. Mwamuzi akikaa mezani zaidi ya dakika moja, saa ya ukumbi haisimami, kwa hiyo anawarudishia wachezaji muda aliowapotezea. Anauandika kwenye kikaratasi cha meza: dakika tatu za nyongeza, dakika nne. Raundi ikiisha, meza hiyo inaendelea mpaka dakika zake ziishe. Haki tupu.

Sasa, shemeji na miwani yake yote hajaona jambo moja. Mtu aliyepewa dakika hakati rufaa. Anashukuru. Mwezi uliopita niliipa meza ya dobi, mchezaji wetu mmoja, dakika nne, na mpinzani wake aliyekuwa anashindwa ndiye aliyenipa mkono. Dakika ni kitu kitamu. Nani aliwahi kupewa muda maishani? Watu wote wananyang'anywa.

Basi nitawapa. Nitakaa, nitasikiliza kwa kina, nitawapa muda niliotumia, na nitawaongezea na mwingine wa kutafakari. Mtu hawezi kukata rufaa akiwa anatafakari.

Mke wangu aliuliza kama nimemaliza kitabu cha sheria. Kina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Nilimjibu ukweli, kwamba nimefika ukurasa wa thelathini na moja na mwelekeo nimeshauona. Aliinamia kitambaa chake. Alikuwa na pini mdomoni. Anashona mapazia, mke wangu, na nyumba yetu siku zote imejaa vitambaa virefu vyepesi, ukipita upepo ukuta mzima unatembea. Mimi naona ndiyo sababu nina mawazo mapana.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Maamuzi kumi na saba. Rufaa: hakuna hata moja.

Shemeji alikatiwa rufaa mara mbili. Kweli zote mbili Mama Mkunga alisema shemeji yuko sahihi, lakini mbili ni mbili.

Mpango ulikwenda kama maji mteremkoni. Meza ya tatu niliwapa dakika tisa. Meza ya kumi na moja dakika kumi na nne, maana mmoja wao alianza kunieleza habari za baba yake na sikuona sababu ya kumkatiza. Meza ya sita nilirudi mara nne. Mara ya kwanza wao ndio walioniita. Mara tatu nyingine nilikwenda kuona wanaendeleaje, na kila nilipofika niliwapotezea muda, na kila nilipowapotezea niliwarudishia. Nikaja kujumlisha: thelathini na nane.

Raundi ya pili iliisha saa tisa na nusu. Meza zote zikainuka isipokuwa zile nilizozihudumia. Kisha ikabaki meza ya sita peke yake.

Lo, alasiri ile. Sijui nitaielezaje. Watu thelathini na kitu wamekaa hawana la kufanya. Jua likatoka dirisha la kwanza likaenda la pili. Dobi aliweka kichwa juu ya mkoba wake akasinzia. Mwalimu wa hesabu, mchezaji mwingine, alikwenda kwenye rafu, akachukua kitabu kikubwa cha ndege wa majini, akawa anafungua ukurasa mmoja mmoja. Mtu fulani alikuwa akichanga karata zake polepole, frrr, frrr, na ile sauti ikawa kama mvua ya mbali. Wale wawili wa meza ya sita wenyewe walikuwa wamemaliza kucheza. Walikuwa wanazungumza tu, maana dakika walikuwa nazo.

Nilisimama katikati ya ukumbi nikafikiri: haya yote nimeyatoa mimi. Nilifurahi mpaka macho yakaniuma.

Mwalimu wa hesabu aliponipita aliniuliza kwa kunong'ona, raundi ya tatu tutaicheza lini, wiki ijayo? Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na kweli tumbo lake likanguruma. Mlinzi wa maktaba naye alikuwa ameanza kutikisa funguo zake. Watu wengine hawana subira.

Raundi ya tatu haikuchezwa. Ukumbi ulifungwa.

Mama Mkunga aliniita. Aliuliza meza ya sita walikuwa na swali gani. Ilibidi nifikiri. Nikakumbuka: walitaka kujua kama karata iliyoanguka chini ya meza bado ni ya mchezo. Akauliza niliwajibu nini. Nikasema niliwaambia kwamba kuanguka si kupotea, na wasikilizane. Akanitazama kwa muda mrefu sana, kisha akasema swali lile lilihitaji jibu la neno moja.

Alikosa maneno, nadhani. Ameguswa.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nilimsimulia mke wangu ushindi wangu wakati akipima kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, mume wangu, umewapa watu wote kila kitu isipokuwa jibu.

Nikamweleza kwamba hayo ni maneno ya wachezaji. Yeye ni mchezaji, na hodari, ila hajawahi kufika meza ya fainali. Mara nne ameishia nusu fainali. Anataka kufika, najua. Hasemi, lakini usiku akiota vidole vyake vinatembea juu ya shuka kana kwamba anapanga karata.

Akaniambia Jumamosi ijayo atacheza. Na akaniomba jambo moja, nilikumbuke: meza yake nisiiguse. Sheria inasema mwamuzi haamui meza ya mke wake wala ya ndugu yake, labda pasiwe na mwingine kabisa. Nikamwambia nalijua hilo. Kusema kweli ndiyo mara ya kwanza kulisikia, lakini nilitikisa kichwa kama mtu anayelijua.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Pigo. Mama Mkunga ametuma ujumbe: kuanzia Jumamosi, dakika za nyongeza ni lazima zisainiwe na yeye. Hakutaja jina la mtu. Hakuna haja. Shemeji huyo.

Na ndiye huyo aliyekuja ofisini mchana, kanyooka kama rula, akidai mwavuli wake alioacha kwenye treni. Tunaitana shemeji kwa heshima zote, mdomoni. Niliuona mwavuli wake toka mbali, ule wa kijivu wenye mpini wa mbao. Nikauchukua, nikauweka juu ya kaunta, nikamuuliza ana ushahidi gani kuwa ni wake.

Hakukasirika. Ndicho kinachochosha kwa mtu huyu. Alivaa miwani yake ya kusomea, akageuka kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, akalisoma lote. Kisha akaniambia kwa upole kwamba hapo panasema mteja ataje alama za kitu kabla hajaonyeshwa, na mimi nimeshakionyesha, kwa hiyo nafasi ya kumhoji imepita.

Tangazo hilo nimeliandika mimi mwenyewe.

Alipokuwa anatoka alisema, kama nikipenda, tunaweza kukisoma kitabu cha sheria pamoja, jioni moja moja, ni kirefu kwa mtu mmoja. Nikamshukuru nikakataa. Mtu mzima haombwi kusomeshwa na mpinzani wake. Lakini nilipobaki peke yangu niliona kama alimaanisha, na jambo hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenicheka.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Mpango wa pili. Huu hauna dosari.

Nimekaa na kufikiri: kwa nini shemeji anaonekana mwamuzi mzuri? Kwa sababu ndiye anayefika. Mtu akiinua mkono, shemeji yuko pale. Mimi hufika wakati mambo yameshaanza kutulia. Basi Jumamosi nitakuwa wa kwanza, kila meza, kila mkono. Shemeji akose hata meza moja ya kuamua. Mwisho wa siku Mama Mkunga akihesabu, maamuzi yote ni yangu. Mwamuzi mwenye maamuzi sifuri atapewaje kiti?

Kwenye rafu ya viatu nimepata jozi nzima, ajabu, yenye soli laini kama ulimi wa ng'ombe. Imevuka miezi sita bila kudaiwa, kwa hiyo kwa kanuni za ofisi inaweza kutolewa, na nimejitolea. Leo alasiri nimefanya mazoezi kati ya masanduku. Kuanzia kwenye miavuli mpaka kwenye tarumbeta, hatua kumi na nane, bila sauti. Abiria mmoja alikuwa kaunta akanitazama nikipita mara tano. Mara ya sita akaondoka.

Kesho napumzika. Nitalala mchana, niwe mwepesi.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Niandike yote kabla sijayapamba.

Asubuhi ilikuwa yangu. Mkono ukiinuka, niko pale. Mara nyingine nilifika kabla mkono haujainuka, nikasimama nyuma ya mtu mpaka akakumbuka swali. Kufikia saa sita nilikuwa na maamuzi kumi na mawili, shemeji mawili. Rufaa juu yangu zilikuwa tano, sikatai, lakini nilijiambia ni kwa sababu ya wingi. Mwenye duka kubwa ndiye anayevunjikiwa vikombe vingi.

Mke wangu alikuwa anashinda. Raundi ya kwanza, ya pili, robo fainali. Nilikuwa nampita mbali nikimwangalia kwa pembe ya jicho. Akifikiri hushika ncha ya sikio. Amefanya hivyo tangu tukiwa wachumba na mimi bado huacha kila kitu nimtazame.

Nusu fainali. Yeye na dobi. Meza ya pili, chini kabisa ya dirisha.

Ukumbi umenyamaza. Jua la saa nane limelala juu ya meza zote, jeupe. Halafu mkono wa dobi ukainuka.

Miguu ilikwenda yenyewe. Naapa. Nilimwona shemeji naye anatoka upande wa pili, tukawa tunakimbilia meza moja kutoka pembe mbili. Hatua mbili kabla ya meza akasimama ghafla, akainua kiganja, akageuka kumwita Mama Mkunga. Nikadhani amechoka. Kumbe alikumbuka yule ni dada yake. Mimi nilikuwa nimeshafika, viatu laini, pumzi juu, na nimeshatamka kwamba mwamuzi yuko hapa.

Mke wangu alinitolea macho. Nikadhani anafurahi kuniona.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na mtoto mchanga angeliamua. Mke wangu aliweka mezani karata inayoitwa Nyangumi Asiyeamka. Nyangumi akiingia mezani, mwenye karata anataja kiumbe kimoja cha mpinzani, na kiumbe hicho kinalala, hakifanyi chochote zamu nzima. Lakini ni lazima akitaje pale pale, kabla ya kufanya kitu kingine. Mke wangu alisahau kutaja. Aliendelea, akatangaza shambulio, ndipo akakumbuka. Dobi akasema nafasi imepita. Mke wangu hakubisha. Walimwita mwamuzi iandikwe tu, waendelee.

Dobi alinipa karata niisome.

Ningeisoma. Nilikusudia. Lakini sijawahi kumwona yule nyangumi kwa karibu. Amechorwa chini ya mji, mkubwa kuliko mji, macho yamefumbwa, na juu yake kuna nyumba zenye taa, na watu wadogo wadogo wanaanika nguo, na hawajui. Ukitazama sana unaona ubavu wake unapanda na kushuka. Nilihisi sakafu ya maktaba inapanda na kushuka. Nikawaza, sisi sote humu, na meza zetu, na saa ya ukutani, labda tuko juu ya mgongo wa kitu kinachoota, na kikigeuka upande tutasema ni upepo. Dobi alinieleza kisa mara tatu, baadaye niliambiwa. Mimi nilisikia sauti tu, kama mtu anazungumza akiwa ndani ya maji.

Nilipoinua macho niliona uso wa mke wangu, na sikio lake ameshalishika, na nikajua kitu kimoja tu duniani: namtaka afike fainali.

Nikatoa uamuzi. Nilisema nyangumi ni mnyama wa taratibu. Kwa ukubwa ule, haiwezekani aingie mara moja. Kwa hiyo bado anaingia, na nafasi ya kutaja ipo.

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa anatazama, alikaa chini.

Dobi akafungua mdomo. Lakini kabla hajasema, mkono mwingine ukainuka, na ulikuwa wa mke wangu. Akasema anakata rufaa.

Nilimnong'oneza kwamba ameshinda, uamuzi ni wake. Akasema anajua. Anaukatia rufaa.

Hakuna mtu ukumbini aliyewahi kuona jambo hilo, mchezaji akikatia rufaa uamuzi uliompa haki yeye. Mama Mkunga alikuwa ameshateremka jukwaani. Alimsikiliza dobi. Alimsikiliza mke wangu, ambaye alisema maneno machache: alisahau kutaja, aliendelea, nafasi imepita. Akachukua karata mkononi mwangu, akasoma maandishi, hakuitazama picha hata kidogo. Akasema nafasi imepita, mchezo uendelee, dakika nne za nyongeza. Akasaini. Yote yalichukua muda wa kunywa maji.

Zamu iliyofuata dobi alishinda. Walipeana mikono. Mke wangu akapanga karata zake, akatoka nje kukaa kwenye ngazi.

Saa kumi Mama Mkunga alitangaza. Kiti ni cha shemeji.

Niliumia. Naandika hivyo hivyo, niliumia. Niliona mito miwili ya kile kiti na nikatamani kuketi chini.

Kabla ya kuondoka Mama Mkunga alinivuta pembeni. Alisema nina sikio zuri, watu wananieleza mambo ambayo hawakumwambia yeye katika miaka yote. Halafu akasema kwamba katika ukunga wake wote, hakuna mzazi aliyemuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, yeye akamjibu kwamba pande zote mbili zina hoja. Akanishika bega. Mkono wake una joto, hata ukiwa unakunyima.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mke wangu. Karibu na mlango nikamuuliza kwa nini amekata rufaa, na fainali alikuwa nayo mkononi. Akasema angeikalia ile meza ya fainali na kila mtu angesema kakalishwa na mumewe. Akasema pia kwamba siku atakayofika, anataka mimi niwe nimesimama pembeni tu, natazama. Hapo sauti yake ilikatika kidogo, na mimi nikafungua mlango.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Nimeamka na akili mpya. Usingizi ni dawa.

Nimeyatafakari yote ya jana nikiwa kitandani, pazia jeupe likiingia na kutoka dirishani, na nimeona wazi kosa langu liko wapi. Si kwamba sikusoma karata. Hayo ni madogo. Kosa ni kwamba nilikuwa upande usio na nguvu. Mwamuzi anaweza kukatiwa rufaa, lakini mwenyewe hana pa kukatia. Mchezaji anakata anavyotaka. Ushahidi nimeuona kwa macho yangu, kwa mke wangu mwenyewe.

Basi nitakuwa mchezaji. Kila uamuzi nitakaopewa nitaukatia rufaa. Shemeji kila mara atashuka jukwaani, aje, asikilize, apande tena. Mtu wa kukaa dukani, magoti yake siyajui? Kabla mwezi haujaisha atakiacha kiti kwa hiari yake.

Mke wangu amekubali kunifundisha. Hakuuliza kwa nini. Alifurahi, niliona, akasogeza vitambaa, akaniwekea karata zake za akiba juu ya meza ya jikoni. Amenipa na Nyangumi. Alinipa sharti moja, kwamba nisome kilichoandikwa kabla ya kuweka. Nimesema nitasoma nikishazoea.

Tulicheza asubuhi nzima. Chai ilipoa. Sijui mara ya mwisho tulikaa hivyo lini. Zamu ya nne niliweka Nyangumi mezani, nikamtazama kidogo, nikatangaza shambulio. Kisha nikataja kiumbe cha kulala. Mke wangu akasema nafasi imepita.

Nikainua mkono, nikaita mwamuzi.

Mke wangu aliweka karata zake kifudifudi. Akainuka, akazunguka meza, akaja kusimama kando yangu, mikono nyuma, akaniuliza bwana ana tatizo gani. Nikamweleza kwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho. Uamuzi: nafasi imepita.

Nikakata rufaa.

Akatoka jikoni. Akakaa huko kidogo. Akarudi kwa mwendo mwingine, wa taratibu, kajifunga kitambaa cha pazia mabegani, akachukua karata akasoma maandishi. Nafasi imepita. Akanikumbusha kwamba uamuzi wa Mwamuzi Mkuu ni wa mwisho, na haukatiwi rufaa.

Nimeuandika huo msemo kwenye karatasi tofauti. Hilo ndilo jambo la kwanza nitakalolikatia rufaa Jumamosi.